Je, Kudai Fidia ni Kukosa Kusamehe?



Jumapili ile niliyohubiri juu ya msamaha kutoka Mathayo 18, dada mmoja alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. Nilifikiri anataka maombi, kumbe alikuwa na swali. Mume wake ameumia kazini, na mwajiri wake ni mtu aliyeokoka. Je, wakienda ofisi ya leba kudai fidia, watakuwa wamekosa kusamehe?

Nilimwambia hapana, si kukosa kusamehe, na nikamwomba aje na mumewe ofisini Jumatano. Lakini njiani nikienda nyumbani jibu langu lilinisumbua. Halikuwa jibu baya. Kilichonisumbua ni kwamba miaka michache iliyopita niliulizwa swali hilo hilo, na nikajibu kinyume. Mtu karibu apoteze haki yake kwa sababu ya mdomo wangu. Basi nimemwomba mchungaji wetu ruhusa nitumie nafasi hii kueleza ilivyokuwa na ninavyoelewa sasa.

Mambo haya yalitokea katika tawi lingine, kabla sijahamishiwa hapa. Majina na mahali nimeyaacha makusudi, kwa hivyo tafadhali msianze kubahatisha.

Kulikuwa na ndugu mmoja aliyehudumu mlangoni. Ni yule wa kwanza kukusalimia ukiingia, anakushika mkono kwa nguvu mpaka unaamka kama ulikuwa bado na usingizi. Siku za kazi alikuwa kibarua kwenye karakana ya mbao ya mzee mmoja wa kanisa letu, analipwa shilingi 700 kwa siku. Mzee huyo alikuwa mtoaji. Viti tulivyokalia kanisani vilitoka kwenye karakana yake, na hakutudai hata shilingi ya vanishi. Ninalisema hili mapema kwa sababu linahusika.

Jumamosi moja mchana kulikuwa na oda kubwa. Kinga ya msumeno wa mashine ilikuwa imetolewa siku nyingi, kwa maana mbao nene zilikuwa zinakwama hapo. Msumeno ulichukua kidole cha shahada chote na nusu ya kile cha kati, mkono wa kulia.

Wacha nimtendee haki yule mzee. Alimbeba ndugu yetu kwa pikapu yake mwenyewe mpaka hospitali na akalipa pesa za kwanza. Zilizobaki zililipwa na NHIF, maana wakati huo bado ilikuwa NHIF. Baada ya wiki mbili akamtembelea nyumbani na shilingi 15,000 za pole, na karatasi moja iliyochapwa kwa Kiingereza. Karatasi ilisema kwamba ndugu amelipwa yote na hana dai lingine lolote. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Alikaa nyumbani miezi miwili na nusu bila mshahara. Sisi kanisa tukafanya tunachojua kufanya: harambee. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Tulipata shilingi 42,300. Yule mzee alisimama akatoa 10,000 mbele ya watu wote, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi.

Siku chache baadaye ndugu alikuja kwangu. Mkono ulikuwa mfukoni. Siku hizo alikuwa ameanza kuuweka mfukoni hata akisimama mlangoni. Akasema, “Pasta, jirani ameniambia kuna pesa za kisheria mtu akiumia kazini. Niende nikaulize?”

Nilimfungulia 1 Wakorintho 6. Nikamwambia si vizuri ndugu kumpeleka ndugu mwenzake kwa serikali. Nikamwambia Mungu ndiye fidia yake. Nikamwombea, akaenda.

Sasa, kuna jambo ambalo wengi wenu mnalijua kunihusu: kabla ya chuo cha Biblia nilisomea biashara. Nilifanya somo la bima muhula mzima. Mwalimu alitufundisha Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo watu huiita WIBA, na swali lilikuja kwenye mtihani nikalipita. Kwa hivyo nilijua. Kama nilikuwa nimesahau, daftari lilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Sikumdanganya ndugu yule hata neno moja. Nilichagua andiko tu. Nililichagua kwa sababu tulikuwa tunajenga, na nilijua mabati yatatoka kwa nani.

Mwezi wa kumi na moja baada ya ajali, mke wake akaja. Alikuwa amepanda matatu peke yake mpaka ofisi ya leba, ameuliza, ameambiwa kwamba dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Alikuwa na fomu mkononi, ile ya DOSH/WIBA 1. Akaiweka mezani kwangu akasema, “Pasta, sikuja kuomba ruhusa. Nataka uniambie kama ni dhambi, ndiyo nijue nitatubu nini baadaye.”

Sikuwa na jibu. Nilimwomba siku mbili. Katika siku hizo nilisoma sheria upande mmoja na Biblia upande mwingine, na nikaona aibu kwa pande zote mbili.

Nianze na sheria, kwa kuwa wengi wetu tunaizungumzia bila kuijua. Kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya majeraha ya wafanyakazi wake. Mtu akiumia kazini, anamjulisha mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi, na mwajiri naye ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ile idara watu wanaita DOSH. Matibabu yanayofaa ni juu ya mwajiri. Ukikaa nyumbani kwa sababu ya jeraha siku tatu au zaidi, unalipwa mapato yako kwa muda huo, hata kufikia miezi 12. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, daktari anaandika asilimia, na hesabu inafanywa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Mtu akifariki, wanaomtegemea ndio wanaolipwa kwa msingi huo wa miezi 96. Na yale makubaliano ya kumfanya mfanyakazi aache haki yake chini ya sheria hii ni bure, hayana nguvu. Ile karatasi ya Kiingereza ilikuwa karatasi tu.

Lakini jambo lililonishika zaidi si pesa. Ni kwamba sheria hii haikuulizi kwanza nani mwenye makosa ndipo ulipwe. Ukiumia katika kazi na kwa sababu ya kazi, unastahili, isipokuwa pale ambapo umejiumiza kwa utovu wako wa makusudi. Hata kama bosi ni malaika. Hata kama wewe ulikuwa umechoka ukateleza kidogo.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1837 huko Uingereza kuna kijana aliyemfanyia kazi mwuza nyama. Gari la kukokotwa na farasi lilikuwa limejazwa kupita kiasi, likavunjika, kijana akavunjika paja. Akaenda mahakamani, na majaji wakamwambia, kwa ufupi, kwamba mtumishi akikubali kazi amekubali na hatari zake. Kesi hiyo, Priestley na Fowler, ilifunga mlango kwa wafanyakazi miaka mingi. Ili ulipwe ulihitaji kuthibitisha kwamba bosi wako ni mkosaji, nawe ni maskini, yeye ana wakili. Ujerumani ikabadilisha mwaka 1884 kwa sheria ya bima ya ajali kazini, na Uingereza yenyewe ikafuata 1897. Wazo lilikuwa kama biashara ya pande mbili: mfanyakazi anapata malipo ya hakika bila kumshtaki mtu, na mwajiri anaepuka kesi kubwa isiyo na mwisho. Sheria yetu ya 2007 imesimama hapo, na Mahakama ya Juu ilikubali mpangilio huo mwezi wa Desemba 2019: dai linaanzia kwa Mkurugenzi, si kortini.

Nilikuwa nimemwambia yule ndugu asimpeleke mwenzake kortini. Kumbe hakuna aliyekuwa anaenda kortini.

Mnaona hii inagusa vipi swali letu? Msamaha una kazi palipo na kosa. Mtu amenikosea, nina kinyongo naye, nakiachilia. Lakini hili ni dai ambalo haliseme “umenikosea.” Linasema “nimeumia nikiwa kazini kwako.” Kumwambia mtu asamehe badala ya kudai ni kama kumwambia asamehe mshahara wa mwezi uliopita. Ni maneno mazuri yaliyowekwa mahali pasipo pao.

Hapo ndipo nikarudi kwenye Kutoka 21, mistari ya 18 na 19. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi katika ratiba ya kusoma Biblia kwa mwaka, ile sehemu ambayo wengi wetu tunaipita haraka tufike kwa hema. Watu wawili wamegombana, mmoja amempiga mwenzake kwa jiwe au ngumi. Aliyepigwa hakufa, amelala kitandani, kisha akainuka akatembea na fimbo yake. Musa anasema aliyempiga ataachiliwa, hana hatia. Tungedhani mambo yameishia hapo. La! Inaendelea kusema kwamba atalipia muda ambao mwenzake amepoteza, na atahakikisha ameponywa kabisa.

Hatia imeisha, malipo yamebaki. Mungu mwenyewe ameviweka vitu viwili mbalimbali, na mimi nilikuwa nimevifunga pamoja kwa kamba moja. Muda uliopotea na matibabu: hayo ndiyo mambo mawili ya kwanza ambayo hata WIBA inayataja. Na kumbukeni hao walikuwa wanapigana. Huyu wetu alikuwa anakata mbao.

Kinga ya msumeno nayo imo. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asianguke akaleta damu juu ya nyumba hiyo. Mzee anaweza kumpenda sana mfanyakazi wake, anaweza kumwombea kila asubuhi saa mbili kabla mashine haijawashwa, na bado paa lake halina ukuta.

Sasa turudi kwa 1 Wakorintho 6, kwa sababu siwezi kuliruka andiko nililolitumia vibaya. Paulo kweli anawakemea waumini wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, na kweli anauliza kwa nini mtu asikubali kudhulumiwa. Ni neno gumu na lina uzito wake. Sitaki kulipunguza. Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, anauliza kama hakuna hata mmoja kati yao mwenye hekima ya kuamua jambo kati ya ndugu. Yaani kanisa lilikuwa na kazi ya kufanya kabla ya mtu kufika huko. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Ningemwendea yule mzee nikamwambia, “Mzee wetu, ripoti ajali, siku zinaenda.” Sikwenda. Pili, Paulo hasemi maneno hayo ili mtu fulani afaidike. Hapo hapo anawageukia wanaodhulumu na kuwaambia kwamba wanawadhulumu ndugu zao. Neno la kukubali hasara mtu anaweza kujihubiria mwenyewe, usiku, akiwa peke yake na Mungu wake. Nikikuhubiria wewe, na hasara yako ndiyo itakayoniletea mabati, hapo mimi si mhubiri tena. Nimekuwa upande mmoja wa shauri.

Na Paulo huyu huyu, kule Filipi alipopigwa viboko bila hukumu halafu wakuu wakataka kumtoa kimya kimya, alikataa. Akasema waje wenyewe wamtoe (Matendo 16:37). Mbele ya Festo akatumia haki yake ya uraia akakata rufani kwa Kaisari. Hakuna mahali tunaambiwa alitubu kwa hilo.

Kuna wale binti watano wa Selofehadi pia, Hesabu 27. Baba yao amekufa jangwani, hana mtoto wa kiume, na ardhi inagawanywa. Walisimama mbele ya Musa na kuhani na mkutano wote, mlangoni pa hema, wakadai sehemu yao. Wanawake watano mbele ya taifa zima! Nadhani kuna mtu pale nyuma alinong'ona ati hawa wanapenda mali. Musa hakujibu kwa haraka kama mimi. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema wanasema kweli. Niliposoma hapo nilimwona yule mama na fomu yake juu ya meza yangu.

Kuna swali lingine ambalo mtu aliyesomea biashara hawezi kuliacha. Kiti cha kanisa kinagharimu pesa ngapi? Utahesabu mbao, misumari, gundi, vanishi, stima, siku za fundi, usafiri. Lakini mashine ya msumeno ikifanya kazi miaka mingi, mahali fulani itachukua kidole. Hiyo ni sehemu ya gharama ya kutengeneza viti. Bima iko ili gharama hiyo iingie kwenye bei, kila mnunuzi alipe shilingi chache bila kuhisi. Bima isipotumiwa, gharama haipotei. Analipa yule mwenye kidole. Sisi tulikuwa tunasema viti vyetu tulipewa bure. Vililipiwa, lakini aliyelipa alikuwa amesimama mlangoni na mkono mfukoni.

Ndiyo maana ile harambee inaniuma mpaka leo. Harambee si mbaya. Mimi mwenyewe nilisoma kwa michango ya watu, na sitasimama kuidharau. Lakini siku ile wamama wa sokoni walitoa mia mia, wengine hamsini, kulipa kitu ambacho tayari kilikuwa na mwenye kukilipa. Rehema ya maskini ilitumika kufunika deni la mtu mwenye uwezo, na tukamshukuru hadharani kwa kuchanga sehemu yake. Tukichanga tena kwa ajili ya aliyeumia kazini, na tutachanga, nitauliza kwanza: ajali imeripotiwa?

Mtu ataniambia, “Pasta, je, aliyeumia akiamua kwa moyo wake kuacha?” Nimelifikiria. Kama mtu ana mali yake, hana anayemtegemea, na anaacha bila mtu kumsukuma, sitamzuia. Lakini yule ndugu alikuwa na watoto watatu, wa kwanza anaingia kidato cha kwanza. Kile kidole hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa kinalipa karo. Baba anaweza kuacha kinyongo chake, lakini hawezi kuwasamehea watoto karo yao. Tena kuna kijana aliyewekwa kwenye mashine ile ile Jumatatu iliyofuata. Ajali isiporipotiwa, hakuna afisa anayekuja kuangalia kinga iko wapi.

Nisiposema hili lingine pia nitakuwa nimependelea upande. Kuna wanaodanganya. Mtu ameanguka na bodaboda Jumapili jioni, Jumatatu anasema ameumia kazini. Mwingine anamtafuta daktari wa kumwongezea asilimia, au anakubali broka wa pale nje amjazie fomu kwa uongo wagawane. Mpendwa, huo ni wizi, hata kama anayeibiwa ni kampuni ya bima ambayo humjui mtu hata mmoja huko. Dai lako liwe la ukweli, liwe na karatasi za hospitali, liwe na tarehe sahihi. Ukiona asilimia uliyopewa ni ndogo, kuna njia: unaweza kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60. Huna haja ya kusema uongo.

Basi, siku ya tatu nilikwenda na yule mama na mumewe kwa mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilianza kwa kumwomba ndugu msamaha pale pale mbele ya mzee kwa ushauri wangu, kisha nikaweka fomu mezani. Mzee alikasirika. Alisema amefanya mengi kwa kijana huyu, na ni kweli. Alisema serikali ikija hapo itafunga karakana. Halafu akafungua droo kutafuta kalamu, na hapo ndani, chini ya risiti, kulikuwa na karatasi za bima. Alikuwa na bima ya wafanyakazi. Alikuwa ameilipia kila mwaka kwa sababu walimtaka nayo alipopata kazi ya kutengenezea shule madawati. Hakuwahi kufikiri ni ya kutumika. Miezi kumi na moja tulihangaika, tukanyamazishana kwa maandiko, na pesa zilikuwa zimekaa kwa kampuni ya bima zikingoja mtu ajaze fomu.

Ilijazwa zikiwa zimebaki siku kumi na tisa.

Daktari aliandika asilimia 15. Mapato ya ndugu yalihesabiwa shilingi 18,200 kwa mwezi, mara 96, na asilimia 15 ya hiyo ni shilingi 262,080. Juu yake kulikuwa na mapato ya ile miezi miwili na nusu. Haikuja haraka. Kisheria anayedaiwa ana siku 90 za kulipa, na simu zilipigwa nyingi. Lakini ilikuja. Mtoto alikwenda kidato cha kwanza, na zilizobaki ndugu alifungua kibanda kidogo cha kuuza misumari, gundi na msasa kwa mafundi. Mzee alikosa ibada kwa miezi miwili hivi. Alirudi. Sitasema yeye na ndugu ni marafiki, lakini wanasalimiana, na kinga ilirudishwa kwenye msumeno.

Siku pesa zilipoingia, ndugu alikuja ofisini na bahasha. Ndani kulikuwa na shilingi 26,208, amehesabu mpaka shilingi ya mwisho. Fungu la kumi. Nilimwambia aichukue arudi nayo nyumbani. Najua si kila mchungaji atakubaliana nami, na mweka hazina wetu hakufurahi, lakini ninavyosoma, fungu la kumi ni la maongeo. Ile haikuwa ongezeko. Ilikuwa kidole. Jumapili iliyofuata aliweka elfu mbili kwenye kapu, akasema hizo si fungu, ni asante, na hapo sikuwa na la kubisha.

Dada aliyenisubiri mlangoni alikuja Jumatano pamoja na mumewe, kama tulivyoagana. Ajali ina miezi minne. Mwajiri alikuwa bado hajaandika chochote popote. Tuliomba kwanza, kisha tukampigia simu tukiwa watatu pale mezani, sauti imefunguliwa. Alinyamaza kidogo, akauliza fomu inaitwaje, akasema ataileta Ijumaa.